Kuku wa Mama Mkwe na Wavu Wangu

Ninyi vijana mnaosuka wavu siku hizi pale Kizota mmenizidi kila kitu isipokuwa makosa. Kwenye makosa bado sijapata mpinzani. Nimesuka wavu wa fensi zaidi ya miaka thelathini, mwingi wake wa nyua na mabanda ya kuku, na nawaambieni ukweli: kuku wangekuwa na mahakama yao, mimi ningestaafia gerezani.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu kuniuliza wavu wa kumzuia kicheche uwe na tundu la ukubwa gani. Nikamwambia, tundu ambalo kidole gumba chako hakipiti. Akasema asante mzee, akakata. Nilibaki na simu mkononi nikijiona kama nimemdanganya, ingawa nilichomwambia ni kweli tupu. Jibu lile ni la fundi asiyewahi kuaibika. Jibu la fundi aliyeaibika ni refu zaidi, na linapitia nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Lakini nianze na aliyenifundisha, msije mkadhani nililelewa vibaya. Mzee Shabani alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfupi, mkali, mtu ambaye hukumtania kabla hajanywa chai. Karakana yake ilikuwa bati nne na mti mmoja wa mwarobaini. Tulisuka kwa mkono: unapitisha waya kwenye bomba, unazungusha mpini, waya unatoka umejikunja, mwenzako anaudaka na kuuchomeka kwenye uliotangulia. Siku nzima unazungusha. Jioni unashika tonge la ugali wa dona, mkono wenyewe unaendelea kuzunguka. Mke wangu Tabitha alizoea kunisogezea bakuli la mlenda mbali kidogo, nisije nikalimwaga.

Mteja akija kuagiza fensi ya kuku, Mzee Shabani hakuuliza uwanja una ukubwa gani. Aliuliza, "Marehemu yuko wapi?"

Wateja wengine walidhani anawapa pole ya msiba. Yeye alikuwa anamtaka kuku aliyeuawa, au chochote kilichobaki. Alisema maiti ndiye shahidi pekee asiyesema uongo. Kuku akikutwa hana kichwa na mwili uko palepale kando ya wavu, ujue amevutwa kupitia tundu, na kosa ni lako wewe fundi. Ukikuta manyoya yametapakaa na mwili hakuna, tafuta mbwa au paka pori. Vifaranga wakipungua mchana bila alama yoyote, tazama juu, ni mwewe. Mayai yakivunjwa na kuku ni mzima, fikiria nguchiro au kenge. "Kila mwizi na mlango wake," alikuwa akisema. "Wewe ukifunga mlango wa mwenzake, yeye atakushukuru."

Nilimsikiliza, nikaitikia, kisha nikafanya nilivyotaka. Fensi yangu ya kwanza kuifunga peke yangu ilikuwa ya mtumishi mmoja wa serikali aliyehamia Dodoma na kujenga nje kidogo ya mji. Nilimfungia wavu wa matundu mapana, mzuri, umenyooka, hata mwenyewe nilisogea mbali kuutazama. Kesho yake vifaranga walitoka nje mmoja mmoja kupitia matundu yale, wakaenda barabarani. Mama yao alibaki ndani akilia na kujigonga kwenye wavu. Kazi pekee iliyofanywa na fensi yangu ni kumzuia mama asiwafuate watoto wake. Mzee Shabani alikuja, akaangalia, akaniuliza kama niliyemkusudia kumfunga ni kicheche au ni kuku.

Tangu hapo nikajua: chini, mpaka usawa wa goti, weka wavu wa matundu madogo, juu yake ndipo uendelee na mpana. Na msijichoshe kuchimbia wavu ardhini. Udongo wetu wa Dodoma wakati wa kiangazi jembe linadunda. Lazeni wavu chini kwa nje, upana wa hatua moja, muukandamize kwa mawe. Sisi tuliuita sketi. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha anahangaika palepale mpaka kunakucha, hana akili ya kurudi nyuma hatua moja. Nami nisimcheke sana, mtaona.

Kwa mwewe, tulikuwa tukichukua nyavu kuukuu za wavuvi wa Mtera na kuzitandika juu ya uwanja. Akina mama wa vijijini wana njia yao nyingine, huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi, mwewe asiwatambue kama chakula. Niliona hekima, nikataka kuiboresha. Nikanunua rangi ya kijani ili vifaranga wangu wafanane na majani. Ulikuwa mwezi wa tisa. Ninyi mnaijua Dodoma mwezi wa tisa, hakuna jani hata la dawa. Vifaranga wangu ndio waliokuwa kitu pekee cha kijani kuanzia nyumbani kwangu mpaka upeo wa macho, na mwewe alikuja na jamaa zake. Tabitha alichukua kopo la rangi iliyobaki akapaka mlango wa choo, na mlango huo ninao hadi leo.

Sasa twende Chamwino.

Mama mkwe wangu, Mama Elia, alikuwa mjane anayeishi peke yake kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Chamwino mjini, katika nyumba ya tembe aliyojenga na marehemu mumewe. Wengine hamjawahi kulala ndani ya tembe: ni nyumba ya miti na udongo, fupi, na paa lake ni bapa, la udongo pia, unaweza kuanika karanga juu yake. Kuku wake walilala chumba cha ndani kabisa, kile anacholala yeye, kando ya kitanda. Ndivyo walivyofanya mama yake na bibi yake, kwa sababu chumba cha ndani kina mlango mmoja na hakuna anayefika huko bila kumvuka mwenye nyumba.

Mwaka huo kuku wake walianza kupungua. Na ilikuwa saa mbaya ya kupungua, kwa maana shemeji yangu Elia, kaka yake Tabitha, alikuwa tayari anamshawishi mama ahamie kwake mjini. Elia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nzuri ofisini, nyumba yenye vigae, na usiku alikuwa hapati usingizi akiwaza mama ameanguka peke yake. Mama hakutaka kuondoka. Kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba ile, na shamba la karanga mbele. Walibishana mwisho wakafika mahali pa kukata shauri, na Elia akasema mbele yetu sote:

"Mama, mtu anayeweza kujitunza anaweza kutunza kuku. Kuku hawa wakiisha, nakuja na gari."

Mama akasema, "Haya, mwanangu. Wakiisha." Kisha akanigeukia mimi, macho chini kama ilivyo adabu kwa mkwe. "Mkwe wangu si fundi?"

Nilivimba kifua. Wiki ileile nilikwenda na marobota ya wavu, na Tabitha akafuatana nami. Tulipofika, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za watu na mifugo, Tabitha aliniambia, "Baba Neema, ngoja kwanza nikaangalie ndani wanakolala."

Nikamjibu, nami nayakumbuka maneno yangu kwa uchungu, "Tabitha, wewe umewahi kuona mwizi anaanzia chumbani? Ndani ni kwa mama. Nje ni kwa fundi."

Akasema, "Haya, fundi." Mwanamke akisema "haya" namna ile, vijana, wekeni plaizi chini mfikiri upya. Mimi sikuiweka.

Kuku marehemu sikumuulizia. Mzee Shabani angeniuliza kwa nini, ningemwambia hivi: yule aliyekuwa akimkuta kuku amekufa ni mama mkwe, na alikuwa akimkuta chumbani mwake. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, wala hachungulii, wala hakitaji. Sasa ningeanzaje kumwambia, mama, niletee maiti iliyolala karibu na kitanda chako nikague shingo? Yeye naye kila asubuhi alifagia, akafukia, na mimi nilipopaza sauti kutoka uani, "Mama, huko ndani kuko shwari?" alijibu, "Kuko shwari kabisa, mkwe wangu." Tulikuwa watu wenye heshima sana, mimi na yeye. Kuku ndio waliolipia.

Nikafunga kazi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kuni zimeegemezwa ukutani. Nikaziondoa zote, kwa sababu mafunzo yanasema usimwachie mnyama kitu cha kupandia. Nikazungusha wavu uwanja mzima, nikashona sketi chini, na pale fensi ilipokutana na nyumba nikaukaza wavu kwenye boriti za paa, umebana, haupitishi hata panya. Siku ile nilirudi Kizota nikipiga mluzi.

Baada ya siku nne mama akapiga simu. Simu ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa akiiweka sauti ya juu ili naye asipitwe. "Tabitha, mwambie mkwe wavu wake unapendeza sana. Watu wanapita kuutazama. Ila jogoo hayupo."

Nikaenda tena, peke yangu, maana nisingevumilia kusikia "haya" nyingine. Nikaongeza miiba ya mgunga kuzunguka chini. Simu ikapigwa. "Mwambie mkwe miiba imekaa vizuri. Ila wamepungua wawili." Nikaenda, nikatandika nyavu za Mtera juu ya uwanja, na mama alisimama mlangoni akinitazama ninavyozunguka nyumba yake, mara ya tatu, nikikagua chini, nikikagua kila fundo. Nilimwona anafungua kinywa. Kisha akakifunga, akaniletea uji.

"Ndani hakuna neno, mama?"

"Hakuna neno, mkwe."

Simu ya mwisho ilikuja siku ya Alhamisi. Kuku alikuwa amebaki mmoja tu, mtetea mweusi, naye alikuwa anaatamia. Elia ameshasikia na amesema Jumamosi anakuja na gari. Sauti ya mama haikuwa ya utani. "Tabitha, mwambie mkwe aje kesho," akasema. "Na asije na wavu."

Sikula siku ile. Nilikuwa nimemwahidi mama wa watu kwamba atabaki kwake, na kwa mikono yangu nilikuwa namhamisha. Kuku walikuwa wakipotea kwa kasi zaidi tangu nilipofunga fensi kuliko kabla sijaifunga, na hilo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, hata kwa Tabitha, ingawa yeye anajua hesabu za kujumlisha na kutoa kunishinda.

Ijumaa asubuhi nilipofika nilimkuta mama ameketi chumba cha mbele juu ya kitanda chake cha kamba. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikageuza uso, nikadhani nimemkuta amelala. Akacheka.

"Usikimbie. Mimi na jirani tumekitoa asubuhi hii. Kitanda, nguo, sanduku, mkeka, vyote viko hapa mbele. Kule ndani kumebaki kuku." Akanyoosha mkono kuelekea mlango ambao kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuangalia. "Kwa hiyo kile si chumba changu tena. Ni banda. Wewe si fundi wa mabanda? Ingia ufanye kazi."

Nikasimama. Akaongeza, taratibu, "Kuna kitu hukwaruza pale juu. Nilidhani ni panya. Na panya wa juu ya kitanda changu si habari ya kumpelekea mkwe."

Nilivua viatu. Nikabisha hodi kwenye chumba chenye kuku mmoja, na niliposikia hakuna anayeitika nikaingia. Kulikuwa na kihenge cha uwele kwenye kona, mtetea mweusi kwenye kapu lake, na sakafuni vishimo vinne vidogo, pale miguu ya kitanda ilipokuwa imesimama tangu alipoolewa. Nilivitazama vishimo vile. Mwanamke amehama chumba alichozalia watoto wake ili fundi mpumbavu apate ruhusa ya kuangalia juu.

Nikaangalia juu. Nyuma ya kihenge, paa linapokutana na ukuta, udongo ulikuwa umemomonyoka na kuacha tundu la kupitisha ngumi. Kuzunguka tundu lile boriti zilikuwa zimelainika kwa kupitwapitwa, na manyoya ya jogoo yalikuwa bado yamenasa. Nikachukua mti, nikausukumiza humo. Kitu kikafoka, kikakurupuka, udongo ukanimwagikia usoni, na kutoka nje nikasikia sauti ya mama mkwe wangu:

"Mkwe! Mkwe, njoo, mgeni wako anashuka!"

Nilitoka mbio bila viatu. Alikuwa kanu. Wengi wetu kila mla kuku tunamwita kicheche, lakini kanu ni mwingine: mwembamba, ana madoadoa, na mkia mrefu wenye pete. Alikuwa kwenye ukingo wa paa, mchana kweupe, nami nikamwona kwa macho yangu akishuka. Hakuruka. Alishuka kwenye wavu wangu, tundu kwa tundu, mguu baada ya mguu, bila haraka, kama mpangaji anayeshuka ngazi kwenda dukani. Zamani alipandia kuni, zikimwangusha mara kwa mara. Mimi nikaziondoa kuni, nikamjengea ngazi ya chuma, nikaikaza kwenye paa isitikisike, na nikarudi mara mbili kuikagua. Kila nilipokagua niliangalia chini, kwenye sketi. Manyoya yake yalikuwa yamenasa kwenye ncha za wavu juu ya kichwa changu muda wote.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikaa chini kwenye miiba yangu mwenyewe ya mgunga, na hilo nalo likamwongezea kicheko.

Siku nzima nilibomoa. Nilikata fensi yote iliyogusa nyumba, nikaacha nafasi pana ambayo kanu hawezi kuiruka, na pembe ya ukuta nikaipigilia bati lenye kuteleza. Ndani, nikatandika wavu wa matundu madogo chini ya boriti za chumba kizima, nikaziba tundu kwa mawe na udongo, mama akinikandia udongo uani na kunipokezea ndoo mlangoni. Tuliongea siku ile kuliko miaka yote iliyotangulia. Alinieleza jinsi marehemu mumewe alivyoezeka paa lile. Jua linazama ndipo vifaranga wa kwanza walipotoboa mayai.

Jumamosi Elia alikuja na Kirikuu ya kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, na dereva hakuzima hata injini. Aliingia chumba cha mbele, akakiona kitanda cha mama pale kwenye njia ya wageni, akaniona mimi natoka chumba cha ndani na nyundo. Uso ulimbadilika. Kwa kweli hata mimi ningekuwa yeye ungenibadilika.

"Mama, nini hiki? Huyu mkwe wako amekutoa chumbani kwako?"

Mama alikuwa anawapondea vifaranga uwele. Hakuinua kichwa.

"Huyu kanitoa chumbani, Elia. Wewe umekuja kunitoa nyumbani."

Elia akaenda mpaka mlango wa ndani, akamtazama yule mtetea na vifaranga wake, akatazama wavu juu, akatazama vile vishimo vinne sakafuni. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu. Akatoka nje, akamwambia dereva azime gari, waje wanywe chai.

Kirikuu ile iliyokuja kumchukua mama ilirudi mjini jioni ikiwa imebeba vipande vya fensi niliyoibomoa, na mimi nimekaa juu yake.